Mashua Tuliyoinywesha Mwezi wa Ramadhani

Babangu alipeleka mbuzi pwani, akarudi na mashua. Nilikuwa darasa la sita. Tulisikia lori likiingia uani kwetu Waberi, mtaa wa Garissa, tukatoka mbio tukitarajia machungwa na halua, tukakuta pale walipokuwa mbuzi pamelala chombo cha mbao, kizee, rangi imebabuka yote, mlingoti umefungwa kamba ubavuni na tanga limeoza kwenye kona. Hooyo, yaani mama, alilizunguka lori mara mbili. Kisha akamuuliza baba kama kile kitu kinakula majani au nafaka.

Kilipakuliwa na watu wanane, kikawekwa juu ya mapipa manne karibu na zizi, kikatandikiwa turubai la lori kama paa. Hapo kikakaa. Mimi nilimaliza shule, nikajifunza cherehani, nikaolewa, nikarudi nyumbani, nikafungua kibanda changu cha ushonaji kinachotazama barabara, na mashua ikawa pale pale.

Mashua peke yake haikuwa wazimu. Mto tunao, Tana unapita hapo chini, na kuna watu wanaouvuka kila siku wakienda mashambani. Wazimu ulikuwa kwamba ya kwetu haikuwahi kuuona huo mto. Kila jilaal, kile kiangazi chetu kirefu kinachoanza Disemba, Aabo aliikarabati. Ndivyo tunavyomwita baba, Aabo. Mvua za gu zikija, alisema mto umejaa. Zikikoma, upepo wa hagaa ulikuwa mkali mno. Mvua za deyr zikifika, mto umejaa tena. Kisha jilaal inarudi, na sasa mto umepungua mno, viboko wamelala katikati kama wenye nyumba, na hata hivyo bado kuna kazi ndogo ya kumalizia. Kwa miaka zaidi ya ishirini niliisikia hiyo kazi ndogo ya kumalizia. Mimi ni mtu ambaye nikisema baati yako, lile gauni pana la kwetu, itakuwa tayari Alhamisi, basi Alhamisi unaivaa, na kwa hivyo kila nilipopita karibu na ile mashua damu ilinipanda.

Mwaka huu mambo yalibadilika kwa sababu ya nyonga ya Hooyo. Ana shamba lake ng'ambo ya mto, ndizi na mapapai na kitunguu kidogo, alilolilima kwa mikono yake, na halipendi jambo lolote duniani kuliko hilo, watoto wake tukiwemo. Kulifikia kwa barabara lazima ushike daraja, kisha ukae juu ya bodaboda kwenye njia ya mashimo hadi mwili usahau viungo vyake vilikuwa wapi. Mwaka jana nyonga ilianza kuuma. Akirudi shambani analala siku mbili.

Asubuhi moja mwanzoni mwa jilaal, tukinywa chai, alimgeukia Aabo.

"Oday," alisema, maana ndivyo anavyomwita, mzee wangu, "bodaboda nimemaliza. Baada ya Idd nitavuka mto kwa mashua yako, au sitavuka tena. Nisipovuka, shamba namwachia dada yangu, na hiyo mashua inakuwa hori la mbuzi."

"Baada ya Idd, inshallah," Aabo alisema.

"Hiyo ni inshallah ya kweli au ni ile ya kila mwaka?"

Aabo alikunywa chai yake. Nilimwona Hooyo akitazama pembeni, na macho yake yalikuwa na maji. Kumwachia mtu lile shamba kungemvunja. Nikasema hapo hapo kwamba tanga nitalishona mimi, na kwamba kabla ya kugusa kitu kingine tutamwita mtu anayejua mashua aje aitazame. Aabo alisema si lazima. Nikamwita.

Alikuja Mpokomo mmoja, mtu wa makamo, ambaye amevusha watu Tana tangu utotoni na mikono yake inajua mbao kama yangu inavyojua kitambaa. Aabo alimpokea kwa fahari. Alimshika mkono akamtembeza ubavu mzima wa mashua.

"Rafiki, angalia mwenyewe," alimwambia kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali. "Kila tundu nimesiba. Hata sisimisi hawesi kuingia."

Ilikuwa kweli. Kati ya kila ubao na ubao mwingine Aabo alikuwa amejaza puti, ile ya mafundi wa magari wanayozibia bodi iliyobonyea, akaisugua kwa msasa hadi ikawa laini kama sahani. Kila jilaal nyufa zilifunguka zaidi, na kila jilaal aliongeza puti. Mpokomo aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. Kisha akavua kofia akajikuna kichwa.

"Mzee, hii umeikausha mno," alisema. "Mbao inakunywa. Ukiitia majini itavimba, na ikivimba inataka nafasi. Wewe nafasi zote umezijaza mawe. Haitavuja, hapana. Itapasuka."

Babangu aliingia ndani bila hata kumuaga mgeni. Lakini nilimwelewa, na ghadhabu yangu yote ya miaka ikanitoka kidogo. Kwetu sisi kitu kikavu ndicho kitu salama. Nyama inakaushwa ndipo idumu, ngozi inakaushwa, nafaka inakaushwa, na maji yakikuta vitu vyako ndiyo hasara. Aabo aliifanyia mashua yale ambayo mtu yeyote wa kwetu angefanyia kitu anachokipenda: aliikinga na maji.

Alilala mkekani siku mbili, redio sikioni, uso ukutani. Hooyo hakumbembeleza. Alichukua kigoda, akakaa karibu na mashua kwa ajili ya nyonga yake, akanipa kisu cha nyama na yeye akashika bisibisi, tukaanza kuchokoa puti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, Aabo alikuwa akituambia kila mwaka kopo la puti likiwa mkononi. Sasa ukuta tulikuwa tunaubomoa. Vumbi lilitujaa puani, kucha zilivunjika, na kwa sababu nisiyoijua tulicheka sana. Hooyo alisimulia mambo ya ujana wake Kotile ambayo mama hamsimulii mtoto mpaka mtoto awe ameolewa na kuachika. Siku ya tatu Aabo alitoka nje, akatutazama kwa dakika nzima.

"Mnaichinja," alisema, akanipokonya kisu.

Tangu hapo tulikuwa watatu kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda. Nataka niseme wazi kwamba zile zilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizopata tangu nirudi nyumbani. Jua likiwa bado halijachachamaa, ngamia wa jirani wanalalamika, chai ya tangawizi kwenye chupa, na wazazi wangu wawili wakibishana juu ya ubao.

Puti ilipokwisha swali likawa tujaze nini. Mpokomo alisema pwani hutia pamba laini iliyolowa mafuta ya papa, ili mbao zikivimba ziibane. Mafuta ya papa Garissa utayatoa wapi? Hooyo alisikiliza, kisha akaingia ndani akatoka na dhiil ya mamake, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, cheusi kwa moshi wa miaka. Alimpa Mpokomo akishike.

"Hiki kimesukwa kwa mkono," alimwambia. "Na kinashika masiwa. Unafikiri ni kwa dua?"

Ikaja kuwa mamangu, ambaye kwa miaka ishirini alidhaniwa adui wa mashua, ndiye mtu pekee nyumbani aliyejua namna ya kuzuia kitu kisivuje. Alinunua mikia ya kondoo, ile mizito ya mafuta, akaiyeyusha kwenye sufuria kubwa ya sherehe. Akatia ubani na utomvu alioletewa na dada yake kutoka Elwak, akakoroga hadi ukawa mzito kama asali. Tulichana godoro la zamani la pamba, tukasokota pamba nyuzi ndefu, tukazichovya, tukazisukuma kwenye nyufa kwa vijiti. Mashua ikanukia harusi na machinjio kwa wakati mmoja. Paka wa mtaa mzima walihamia kwetu. Aabo alifukuza paka huku anajisifu kwa kila apitaye njiani kwamba dawa hii haipo hata Mombasa, na Hooyo alimwacha ajisifu.

Mimi nilikuwa na tanga langu. Zamani Aabo alijaribu kulikata kutoka turubai la lori, likawa zito hata kulinyanyua ni kazi ya watu wawili. Nilinunua marekani, ile nguo ya pamba nzito isiyotiwa rangi, nikabadilisha sindano ya cherehani nikaweka ile nene ya kushonea mikoba, nikakunja kila mshono mara mbili. Vipande vilipoungana kibanda hakikutosha. Tanga lilitoka mlangoni likalala hadi karibu na barabara, mbuzi wakalikanyaga, wateja wakaliruka. Mama mmoja aliyeleta kitambaa cha Idd alitaka kujua ni la nani. Nikamwambia ni baati ya bibi harusi mnene. Alisema mashallah, akaketi kungoja zamu yake.

Ramadhani iliandama jilaal ikiwa kali kabisa, na hapo ndipo Hooyo aliposema mashua sasa inyweshwe.

"Dhiil iliyokaa bure huitii maziwa siku ya kwanza," alinieleza. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa cheo chake mwenyewe, kwa hivyo mamangu huniita hooyo, kama anavyoitwa yeye. "Unaijaza maji, hooyo, inalia, inavuja, unaijaza tena. Ikishiba inanyamaza."

Mpokomo alikubali kwa kichwa. Alisema hata kwao hufanya hivyo.

Basi fikiria. Kiangazi, mwezi wa saumu, koo zimekauka kama ngozi ya ngoma, na mkokoteni wa punda unaingia kwetu na mapipa ya maji tunayoyamimina ndani ya mashua. Yule mwenye punda alimimina pipa la kwanza, akasimama, akauliza kama tuna hakika. Jirani yetu, mwanamke asiyekosa jambo, alipanda juu ya tofali akachungulia ukutani.

"Abbaayo," alimwita mamangu, yaani dada, "mimi sijui mambo ya bahari. Lakini nilidhani maji huwa nje ya boti, si ndani."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Hooyo hakucheka, alimwambia ashuke kwenye tofali kabla hajavunja mguu.

Siku ya kwanza maji yalitoka kila mahali, kama mashua inatokwa jasho. Tulitandaza mabeseni chini, tukayakinga, tukayarudisha. Yaliyotuponyoka waliyanywa mbuzi, na mbuzi ndio walionufaika na Ramadhani ile kuliko waumini. Siku ya pili ilivuja hivyo hivyo. Siku ya nne nilishika ubavu nikahisi mbao zimesogeleana. Siku ya sita yalikuwa matone. Siku ya nane tuliijaza asubuhi, na alasiri nilipofunga kibanda nikaenda kutazama, mabeseni yalikuwa makavu. Nilipitisha kiganja chini ya mashua nzima, kutoka mbele hadi nyuma, kikatoka kikavu. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Aabo alikuja. Alitazama mabeseni, akatazama maji yaliyotulia ndani, na uso wake haukufurahi. Alinyanyua macho juu, kwenye mlingoti tuliousimamisha tulipoondoa turubai.

"Mlingoti una ufa," alisema. "Itabidi tungoje baada ya gu."

Niliutazama ule mlingoti. Nikapanda juu ya pipa nikautazama kwa karibu.

"Aabo, huo ni mshipa wa mti," nilimwambia. "Hauna ufa. Haukuwahi kuwa na ufa. Unaogopa."

Nilijuta hapo hapo, kwani mtu hamwambii babake hivyo, tena amefunga. Nilingoja anifokee. Badala yake alikaa juu ya kreti ya soda, akavua kofia akaiweka gotini.

Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Kabla sijazaliwa alikuwa akitoka Elwak na lori la mbuzi, akaingia kwenye laga, mto wa msimu, uliokuwa mkavu kabisa, mbingu ni nyeupe, hakuna wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali asikokujua. Maji yalikuja yote kwa mara moja. Alikaa juu ya paa la lori kuanzia asubuhi hadi alasiri, akiwasikia mbuzi mpaka akawa hawasikii tena. Tangu siku ile huwa hayakaribii maji mengi. Miaka kadhaa baadaye, pale pwani, aliona mashua hii ikielea, watu wamekaa ndani wanakula ndizi na kupiga soga, na yale yale maji yamewabeba.

"Nikasema nikiwa nayo nyumbani nitazoea, aabo," alisema.

"Na umezoea?"

"Mashua nimeizoea. Maji bado."

Nilikaa chini karibu naye. Nilimpenda sana babangu saa ile, na nilijionea haya kwa miaka yote niliyopita pale nikisonya. Adhana ya magharibi ilipolia tulifungua kwa tende tukiwa bado tumekaa hapo.

Kesho yake nilimnong'oneza Hooyo jikoni. Alikuwa anakunja sambusa, na hakuinua macho.

"Wewe umejua jana," alisema. "Mimi nimekaa naye miaka arobaini."

"Kwa nini basi ukampa masharti ya Idd?"

"Kwa sababu nyonga inauma kweli. Na kwa sababu sisi sote tunazeeka, hooyo, na mimi sitaki azikwe pamoja na hofu yake."

Siku ya nne baada ya Idd lori lilikuja. Mvua za gu zilikuwa zimeanza kunong'ona upande wa juu, na Tana ulikuwa umepanda kidogo, mwekundu kama chai ya maziwa, wa kutosha kufunika mafungu ya mchanga. Mtaa ulishuka nasi hadi mtoni, jirani wa tofali akiwa mbele kabisa. Mpokomo na wenzake waliisukuma mashua ikaingia majini, na ikakaa juu ya maji kama iliyozaliwa hapo. Nilipanda mara moja kukagua. Pamba imebana, mbao zimefumba, ndani kukavu. Watu walipiga makofi. Aabo alikuwa ukingoni, ameshika kamba kwa mikono miwili, miguu mbali na maji kwa hatua tatu.

Hooyo alishikwa mkono akaingia, akakaa, akatengeneza nguo zake. Mimi nilishuka. Mpokomo aliinua tanga langu, na upepo mdogo ulipoligusa likajaa, mishono yote ikashika. Sijui mama wa bibi harusi huhisi nini, lakini nadhani nilihisi.

"Oday," Hooyo alimwambia Aabo kutoka ndani, "achia kamba."

Alishikilia kidogo. Kisha akaachia.

Walivuka kwa utulivu, wakishuka na mkondo kidogo halafu tanga likiwarudisha. Tulimwona Hooyo akishuka ng'ambo, akitembea polepole hadi kwenye migomba yake, akishika jani hili na lile. Alikaa huko kitambo. Mashua ikarudi, na ndani alikuwa Mpokomo peke yake.

"Mama yuko wapi?" Aabo aliuliza.

"Mzee, Mama amesema hivi. Bodaboda hapandi. Na mashua kurudi hapandi na mimi. Amesema umfuate wewe."

Aabo aliangalia mto, akaangalia juu.

"Mwambie mfua iko karibu," alisema.

"Nilimwambia. Amesema basi atalowa."

Jirani yetu aliziba mdomo kwa mtandio. Midomo ya Aabo ilianza kusoma Ayatul Kursi. Alivua makubadhi, akanipa, akanipa simu na saa yake pia, kisha akakunja kikoi hadi magotini akaingia kwenye maji. Mpokomo alimpa mkono, akapanda, akaukumbatia mlingoti kama mtu aliyemkuta nduguye sokoni baada ya miaka mingi.

Katikati ya mto upepo ulikaza na mashua ikainama. Nilipiga hatua mbele bila kujua, miguu yangu ikalowa. Aabo hakupiga kelele. Nilimwona akiachia mkono mmoja polepole, akauteremsha hadi kwenye ubavu wa ndani, akapapasa ile mishono ya pamba na mafuta, mmoja baada ya mwingine. Kisha akautazama mkono wake, akautazama tena, na hata kutoka ukingoni nilijua kwamba umetoka mkavu. Akaketi.

Mvua ilianza kudondoka wakati mashua inagusa ng'ambo. Hooyo alikuwa amesimama tayari, na mapapai mawili kwenye nguo yake. Nilitarajia Aabo aruke nchi kavu haraka kuliko chura. Hakushuka. Alisogea upande mmoja, akapangusa matone kwenye ubao kwa kiganja, akamwachia mkewe nafasi ya kukaa.